Bibi Aliyekataa Kuugua

Saa tatu asubuhi, Jumanne ya pili ya Februari 2023, bibi yangu Crescencia alikuwa amesimama mlangoni kwake bila kushikwa na mtu. Alivaa gauni la bluu la sikukuu na soksi nene za sufu. Shali aliifunga kifuani, na nywele zake nyeupe alizisuka misuko miwili na kuifunga kwa utepe mwekundu. Jana yake hakuweza kutoka kitandani. Kwa majuma kadhaa alikuwa analala ameegemea mito, kwa sababu akilala chali alikosa pumzi, na mimi na jirani yetu Otilia ndio tuliokuwa tunambeba kwenda chooni.

Daktari Ulises aliacha pikipiki chini ya kilima na kupanda kwa miguu. Alikuwa kijana wa rika langu, aliyepelekwa katika zahanati ya San Marcial kutumikia mwaka wake wa lazima kabla ya kupewa leseni. Nilikuwa nimemwomba aje amwone mgonjwa mahututi na kuniandikia barua. Mgonjwa alimpa mkono na kumwambia apite ndani, kwani mtu aliyepanda kilima chote kile hafai kuulizwa shida yake akiwa na njaa.

Huko Mixteca, milimani kusini mwa Meksiko, mgeni haanzi kazi kabla ya kunywa chokoleti. Bibi aliichapa mwenyewe, amesimama, mti wa kuchapia ukizunguka kati ya viganja vyake mpaka povu likapanda mdomoni mwa chungu. Nilikuwa karibu naye na niliona kwamba nyonga yake ya kushoto imeegemea meza kwa uzito wote wa mwili. Alimkatia daktari mkate wa mayai, akamwongezea kikombe cha pili. Ndipo alipokaa, wima, na kumruhusu asikilize moyo juu ya shali.

Daktari aliuliza kama anakosa pumzi.

"Nikipanda kilima," bibi akasema. "Wewe hukuhema?"

Daktari akacheka. Akauliza habari za miguu. Bibi akajibu kwamba miguu yake ni ya mwanamke aliyetembea sana, na kwamba haioneshi ovyo kwa vijana. Nikasema kwamba miguu imevimba tangu Desemba.

"Msamehe huyu," bibi akamwambia daktari. "Huyu ni Mmarekani wangu. Kwao mtu akikaa kitako kupumzika, wanaita gari la wagonjwa."

Barua aliyoandika daktari ilisema kwamba Crescencia, mwenye umri wa miaka themanini na moja, anatembea bila msaada, anajihudumia, na hali yake ni nzuri kwa umri wake. Akaipiga mhuri. Nilimfuata hadi kwenye pikipiki nikamweleza yote: mito, choo, midomo inayobadilika rangi alfajiri. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema kwamba yeye huandika alichokiona, na kwamba akiandika alichoambiwa tu, halafu mtu wa serikali akampigia simu kuuliza, mwaka wake wote umepotea. Kazi yangu ni kupima maji ya kunywa katika maabara ya kaunti, na mimi pia siandiki nilichoambiwa.

Niliporudi ndani, Otilia alikuwa anamvua bibi soksi. Alama ya lastiki ilikuwa imezama katika nyama ya mguu. Midomo yake ilikuwa ya zambarau. Alikuwa amefumba macho, lakini alijua ni mimi aliyeingia.

"Amekunywa vikombe viwili," akasema. "Huyo kijana hapikiwi huko zahanati."

Barua hiyo haikuwa yangu, ilikuwa ya dada yangu. Nyumbani kwetu Woodburn, Oregon, tuko watu watatu na mbele ya sheria tuna hali tatu. Mama yetu, Hermelinda, alivuka mpaka mwaka 1999 na hana karatasi yoyote. Akitoka Marekani hana njia ya halali ya kurudi. Mimi nilizaliwa Oregon mwaka uliofuata, kwa hiyo ni raia, naingia na kutoka nipendavyo. Katikati yetu yupo Yadira. Alivuka mgongoni mwa mama akiwa na miaka mitatu. Alipokuwa na miaka kumi na sita serikali ilitangaza kinga kwa walioletwa wakiwa watoto, ile ambayo kwetu tunaiita Daka. Kinga hiyo haimpi mtu haki ya kukaa. Inasema tu kwamba kufukuzwa kwake kumeahirishwa kwa miaka miwili, na kwamba anaweza kufanya kazi. Miaka miwili ikikaribia kwisha anaomba tena. Yadira ameishi hivyo tangu hapo, akiahirishwa. Baba yetu aliondoka zamani na hayumo katika habari hii.

Mtu mwenye kinga anaweza kuomba ruhusa ya kutoka na kurudi. Asipokuwa nayo, akivuka mpaka kinga imekufa. Ruhusa ya kawaida huchukua miezi mingi, na bibi hakuwa na miezi mingi. Ile ya dharura hutolewa kwa haraka, lakini wakili wetu, Bi Ostrander, alituambia inataka barua ya daktari inayosema wazi kwamba ndugu ni mgonjwa sana. Ndiyo sababu nilichukua likizo nikaenda San Marcial. Yadira ni mhudumu katika nyumba ya wazee huko Woodburn. Huwaosha, huwalisha, huwageuza kitandani. Alikuwa ameona uso wa bibi kwenye simu mwezi Januari na kunivuta kando jikoni.

"Huo ni moyo," aliniambia. "Naosha bibi za watu mwaka wa saba sasa. Wangu sijawahi kumgusa nikiwa na akili. Nenda ukaniletee barua."

Mchana ule wa Jumanne nilimuuliza bibi kwa nini amefanya vile. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito na mikono yake inasuka miyaa ya kofia, kama ilivyosuka kila siku tangu utotoni. Nilimuuliza tena, kwa adabu, akasema miyaa imekauka mno, niilowanishe.

Aliyenijibu ni Otilia, tulipokuwa uani tunachota maji.

"Ni kwa sababu yangu," akasema.

Otilia alikuwa na wana wawili Salem, karibu kabisa na kwetu. Mdogo alikuwa wa darasa la kwanza Otilia alipopigiwa simu kwamba mama yake mzazi anakufa. Wakati huo aliishi nao huko Salem bila karatasi, kama mama yetu. Alipanda basi kuelekea kusini na kumkuta mama yake hai. Alimshika mkono, akamfumba macho, akamzika. San Marcial nzima ilimsifu. Padri alimtaja kanisani. Baada ya siku tisa, msalaba wa chokaa ambao kwa desturi huchorwa sakafuni kwa ajili ya marehemu ulipokwisha kuinuliwa, Otilia akaenda mpakani. Alijaribu mara mbili. Mara ya pili walimtoa jangwani akiwa hajitambui. Mwanawe yule mdogo sasa alikuwa anamaliza sekondari.

"Bibi yako ndiye aliyeniogeshea mama yangu," Otilia akasema. "Na ndiye aliyenipokea niliporudishwa kutoka jangwani. Tangu siku hiyo hajaugua hata mafua. Akikohoa, anaambia watu ni pilipili."

Aliinua ndoo yake, akaitua tena.

"Nilifika mazishini, Efraín. Kwa wanangu sijafika tena."

Nilipanga niliyoyajua. Bibi aliamini kwamba neno la daktari likitoka, litafika Woodburn, na likifika Woodburn mama ataacha kila kitu na kuja. Hilo halikuwa wazo la kizee. Mama alikuwa amelisema mbele yangu zaidi ya mara moja. Lakini bibi aliamini pia kwamba Yadira akija atanasa kama Otilia, na hapo ndipo alipokosea, ingawa si kwa kiasi ambacho ningependa.

Nilikaa pembeni ya kitanda nikamweleza sheria. Nilimweleza kinga, kisha ruhusa. Alisikiliza bila kuacha kusuka.

"Nani anaitia sahihi hiyo ruhusa?"

"Ofisa wa uhamiaji, Portland."

"Na akirudi, ni ofisa huyohuyo anayemfungulia mlango?"

"Hapana, bibi. Ni mwingine, wa uwanja wa ndege."

"Huyo mwingine ameahidi kumpitisha?"

Bi Ostrander alikuwa ametuambia jambo hili polepole, ili tusiseme hatukulisikia. Ruhusa inamruhusu mtu afike mlangoni. Ofisa aliye mlangoni ana mamlaka ya kukataa. Mara nyingi hakatai. Mara nyingine hukataa.

"Hajaahidi," nikasema. "Hakuna aliyeahidi. Wengi wanapita. Anaweza asipite."

Nilidhani nimeharibu kila kitu. Bibi aliweka ukili mapajani.

"Mama yako huniambia usijali," akasema. "Yadira huniambia usijali. Padri naye. Mtu akiniambia nisijali najua kuna jambo." Akapumzika kidogo ili apate pumzi. "Yadira anajua hili la mlango wa pili?"

"Anajua kuliko mimi."

"Na bado anataka kuja?"

"Anataka kukuogesha."

Bibi alitazama mikono yake. Kisha akaniambia nimpigie mama.

Ilikuwa jioni, na Woodburn ilikuwa saa ambayo mama hutoka kazini. Anafanya kazi kwenye vitalu vya miche, na huwa anakaa garini kidogo kabla ya kuendesha, ili mgongo upoe. Niliweka simu kwenye mto, sauti juu. Walizungumza Kimixteki, na ninaandika kama nilivyoelewa.

Bibi hakuanza na salamu. Alimwambia kwamba anaumwa. Alitaja moyo, miguu, choo, mito. Hakuacha kitu. Alitaja pia lililotokea asubuhi, la gauni na chokoleti, na mama akatoa sauti ambayo ilianza kama kicheko.

"Nakuja," mama akasema. "Mama, nakuja. Kesho naomba—"

"Subiri. Mwanao ameniambia Yadira anaweza kupata ruhusa ya serikali. Wewe unaweza?"

"Hapana, mama."

"Basi niapie hutakuja."

Nilisikia mama akifungua mlango wa gari na kuufunga tena.

"Nikizidiwa hutakuja," bibi akasema. "Nikifa hutakuja. Otilia atanifunga kidevu. Msalaba atauinua Efraín, ameshafundishwa. Hakuna utakachofanya hapa ambacho hakina mtu wa kukifanya. Huko hakuna mwingine wa kuwa mama yao."

"Wameshakuwa wakubwa, mama. Efraín ana ndevu."

"Ndevu nimeziona. Si kitu."

Otilia, aliyekuwa mlangoni, aliziba mdomo kwa shali.

"Miaka ishirini na nne," mama akasema. "Mama, sijakugusa miaka ishirini na nne."

"Najua kuhesabu. Niapie, Hermelinda. Ukiniapia, nitaugua. Usiponiapia, daktari akirudi nitamchezea ngoma."

Katika simu nilisikia gari lingine likipita karibu na gari la mama. Nilikuwa nimeshika glasi ya maji ya bibi na sikujua niiweke wapi.

"Naapa," mama akasema. "Sitakuja."

"Rudia."

"Sitakuja, mama. Naapa mbele ya Mungu, sitakuja."

Bibi alimbariki kwa maneno ambayo husemwa mtu anapoanza safari, ingawa mama ndiye asiyekwenda kokote. Kisha aliniambia nizime simu. Aligeuza uso kuelekea ukutani, na mimi na Otilia tukatoka nje.

Niliporudi kumwashia taa alikuwa ameshajipanga. Daktari aitwe Alhamisi. Atampokea kitandani. Chokoleti daktari atainywa vilevile, ila itachapwa na Otilia, ambaye povu lake ni dogo, lakini hakuna jinsi.

Alhamisi daktari Ulises alimkuta bila soksi na bila utepe, nywele zimeachwa wazi juu ya mto. Nilikuwa sijawahi kumwona bibi nywele zikiwa wazi mbele ya mgeni, na alimtazama daktari machoni muda wote kana kwamba anamkataza kuziangalia. Daktari alibonyeza mguu kutoka goti kwenda chini kwa kidole gumba. Kila alipobonyeza palibaki shimo. Alisikiliza moyo, safari hii kwenye ngozi, kisha mgongo, na akarudi kwenye moyo. Alikaa kwenye kigoda.

"Bibi," akasema, "Jumanne ulinifanyia nini?"

"Nilikupokea."

"Na leo?"

"Leo nakupokea pia. Kunywa, inapoa."

Aliandika kurasa mbili. Aliniambia pembeni kwamba dawa anazoweza kumpa zitapunguza maji mwilini na kumpa nafuu ya muda, na kwamba kama kuna mtu wa kuja, asisubiri Pasaka. Akapiga mhuri. Alirudi akaimaliza chokoleti yake akiwa ameketi karibu na kitanda, na bibi akamuuliza mama yake anaishi wapi, na mara ya mwisho amempigia simu lini. Daktari alijibu la kwanza tu.

Nilipiga picha barua hiyo na kuituma kwa Bi Ostrander kabla pikipiki haijafika barabarani. Yaliyofuata Portland nayajua kwa kusimuliwa na Yadira. Yeye na wakili waliipeleka barua na tafsiri yake katika ofisi ya uhamiaji wiki iliyofuata. Mama aliwapeleka kwa gari, kisha, kama anavyofanya mbele ya kila jengo la serikali, akaenda kuegesha mtaa wa pili na kubaki ndani ya gari. Ofisa aliuliza bibi huyu ni wa upande gani, na mara ya mwisho walionana lini. Yadira akasema alikuwa na miaka mitatu. Ofisa akauliza anakumbuka nini. Yadira akasema hakumbuki kitu, na kwamba ndiyo sababu yuko pale. Wakili alimwambia baadaye kwamba jibu lile halikuwa katika yale waliyofanyia mazoezi. Ruhusa ilitoka alasiri hiyo: aondoke ndani ya juma moja, arudi kabla ya mwisho wa Machi.

Yadira alifika San Marcial na begi moja, nusu yake ikiwa glavu, mafuta ya ngozi na taulo laini za kazini kwake. Bibi alikuwa ameambiwa saa ya basi na alikuwa amekataa kula mpaka basi lifike. Yadira alisimama katikati ya chumba. Nilitegemea atalia na sijui kama alilia, kwa sababu bibi alisema, "Sogea kwenye mwanga," naye akasogea na kunipa mgongo.

Bibi alimshika viganja, akavigeuza juu na chini.

"Hii ni mikono ya mama yako," akasema. "Uso sijui umeutoa wapi."

Yadira alimwogesha asubuhi iliyofuata na kila asubuhi baada ya hapo. Mimi na Otilia tulikuwa tumemwosha kadiri tulivyoweza, lakini tulikuwa tunamwosha kama watu wanaoogopa kuvunja kitu. Yadira alijua pa kuweka kiwiko. Alimgeuza bila kumvuta, akaosha nyuma ya masikio, kati ya vidole vya miguu, chini ya matiti, akazungumza muda wote, na bibi, ambaye Jumanne ile alikataa kumwonesha daktari miguu yake, alifumba macho. Nilikuwa nje ya pazia nachemsha maji na niliyasikia mazungumzo yao.

"Hao unaowaosha huko, wanakushukuru?"

"Baadhi yao. Kuna mmoja hunipiga makofi."

"Kwa nini?"

"Hupenda maji ya moto zaidi."

"Ana haki. Haya yamepoa."

Nilipitisha birika chini ya pazia.

Miguu ya bibi iliendelea kuvimba, ila ngozi ikaacha kupasuka. Dawa za daktari zilimpa usingizi. Mchana Yadira alikaa naye akajifunza kusuka ukili, na bibi alifumua kila alichosuka, bila maelezo, akamrudishia miyaa aanze upya. Kila jioni mama alipiga simu. Kwa siku nyingi yeye na bibi hawakuzungumzia ugonjwa. Mama alieleza baridi ilivyochoma miche ya waridi, na bibi alimuuliza kama anavaa soksi mbili.

Asubuhi ya kuondoka bibi alimwita Yadira aketi sakafuni, mgongo umguse kitanda. Alitaka kitana na maji.

"Nywele hizi," akasema, "zimeliwa na mbuzi?"

"Zilikatwa saluni, bibi. Ndiyo mtindo."

"Nani alimlipa nani?"

Alizisuka. Ilimchukua muda mrefu, kwa sababu kila baada ya kusuka upana wa vidole vichache alipumzika, mikono imelala juu ya mabega ya Yadira. Alikaza kiasi kwamba nyusi za dada yangu zilipanda. Mwishoni alifungua sanduku la chini ya mto, akatoa ule utepe mwekundu wa sikukuu, akaugawa kwenye misuko miwili na kufunga mafundo.

"Usifungue," akasema. "Wala usimruhusu mtu. Afungue mama yako."

Bibi hakusimama kutuaga. Alibaki kwenye mito yake, nywele wazi, na tulipofika mlangoni alituambia tufunge, upepo unaingia.

Tulirudi kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Guadalajara hadi Portland. Yadira hakuegemeza kichwa safari nzima. Katika ukumbi wa wanaoingia kuna foleni ya raia na foleni ya wengine, na tukaachana hapo. Mimi niliulizwa kama nina chakula. Nilisema hapana na nikapita. Nilipogeuka nilimwona ofisa akishika karatasi ya Yadira, akaita mwenzake, na yule wa pili akamwonesha dada yangu mlango wa pembeni. Niliambiwa nisisimame pale.

Mama hakuwa garini. Alikuwa amesimama ndani ya uwanja, mbele ya milango ya kioo ambako watu hutokea, chini ya kamera na karibu na polisi wawili, amevaa koti lake la kanisani. Alitazama nyuma yangu.

"Yuko ndani," nikasema. "Wanamuuliza maswali."

"Maswali gani?"

"Sijui."

"Wanaweza kumrudisha?"

"Wanaweza."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa hali ya hewa. Simu yake ilikuwa mkononi, na ilikuwa wazi. Otilia alikuwa upande wa pili, ameiweka kwenye mto, na nilisikia pumzi za bibi. Watu wa ndege yetu walitoka, wakakumbatiwa, wakaenda. Wakatoka wa ndege nyingine. Mmoja wa wale polisi alimuuliza mama kama anahitaji msaada, na mama, ambaye kwa miaka yote niliyomjua huvuka barabara akiona sare, alimjibu kwamba anamsubiri mwanawe.

Milango ilifunguka. Yadira alitoka akivuta begi, karatasi mkononi ikiwa na mhuri, na misuko yake miwili kichwani, mmoja umelegea kidogo mahali alipoegemea ukuta.

"Amepita, mama," mama akasema kwenye simu.

Bibi aliuliza jambo moja: kama utepe bado umefungwa. Mama alimwekea Yadira mkono begani, akamketisha kwenye kiti cha kwanza kilichokuwa wazi, akanipa simu niishike. Kisha akasimama nyuma yake, akatafuta ncha ya utepe, na kufungua fundo.